Nyota Tano za Adabu

Bado nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Chama chetu cha ushirika hapa Mbinga kinatafuta kijana wa kuwapokea wanunuzi wa kahawa kutoka nje, na usaili ni kwa Kiingereza. Kiingereza changu nimejifunza peke yangu, kwa kusoma. Kukiandika naweza, lakini nikifungua mdomo natetemeka, kwa sababu sentensi yenye kosa moja hunikosesha usingizi. Mama akanipa fedha za gunia moja la kahawa.

"Tafuta mwalimu kwenye hiyo simu yako. Likiisha hilo, hakuna jingine."

Mtandaoni walimu wamepangwa kama mafungu ya nyanya sokoni. Juu wamekaa "wazawa wa lugha", waliozaliwa wakizungumza Kiingereza, bei zao za kutisha. Waafrika wako chini kabisa, hata waliozeekea darasani. Nilikasirika. Kisha, kwa uoga wangu, nikamchagua wa juu.

Nilimsalimu kama tunavyosalimiana huku: ameamkaje, nyumbani kwake hawajambo, mvua zinanyesha? Alitazama saa. Baada ya hapo kila nilichosema alikisifu huku akitabasamu. "Safi sana!" Nikakosea makusudi nimpime. "Safi sana!" Mimi, ninayefuta ukurasa mzima kwa sababu ya koma! Nusu ya gunia la Mama iliishia kwenye tabasamu lile.

Simu ikaniuliza nampa nyota ngapi. Nikampa tano, tena nikamwahidi kurudi. Huku kwetu hukaribishwi chakula ukasema mboga haina chumvi.

"Tano?" Mama alishangaa. "Kwa kukusifia makosa?"

"Ni adabu, Mama."

"Adabu! Wanunuzi wanaionja kahawa yangu, wanaitema mbele ya macho yangu, halafu wananiambia ina ladha ya udongo. Umeniona nimenuna? Na wewe mteme huyo."

Nilighairi ahadi, nikapunguza nyota zikabaki mbili, kisha nikateremka hadi kwa walimu wa mwisho kabisa. Huko nilimkuta mwalimu mstaafu, mama wa umri wa Mama, anayeishi nchi jirani, ng'ambo ya ziwa, upande unaotazamana na Lituhi. Hakuwa na nyota hata moja. Bei yake ilikuwa ndogo hadi nikaona aibu kwa niaba ya walioipanga. Nusu gunia lililobaki lilitosha vipindi vyote hadi usaili.

Mtandao ulikatika, ukarudi. Jogoo wake aliwika katikati ya maneno. Aliitikia salamu zangu zote, akaniuliza za Mama na za shamba, wala hakuzihesabu kwenye muda wangu. Ndipo nikaanza kujitambulisha.

"Hapana," alinikatiza. "Rudia."

Nikarudia.

"Hapana, baba. Unakimbilia wapi? Rudia."

Nilikosea tena na tena mbele ya mtu, na sikufa.

Usaili ni Jumatatu. Sijui kama nitapata. Jana nilimpa nyota tano, na safari hii nimekasirika kwamba hakuna ya sita.