Mama Loweka na Majoho ya Kwaya

Alipokuja kuomba kazi nilimdai barua ya kanisani. Washonaji wangu wawili walivaa misalaba shingoni, na wateja waliipenda. Yeye shingo tupu.

"Nipe kitambaa, Bosi," alisema. "Barua haina mshono."

Nikampa cherehani mbovu ya dirishani ili nipate sababu ya kumpunguzia ujira. Akaitia mafuta, ikatulia. Kila jora alililoweka na kulianika kabla ya kukata, maana pamba hunywea ikiloa. Wenzake wakambatiza Mama Loweka, wakamuuliza kama anatia na chumvi.

Kwaya moja ikaagiza majoho thelathini ya buluu, msalaba mweupe kifuani, kwa wiki moja. Nikamwambia safari hii hakuna kuloweka. Alibisha, kisha akakata.

Siku ya tano akaloweka joho moja lililokwisha, bado msalaba tu. Lilipokauka lilikuwa limepanda vidole vinne. Nikamwambia wanakwaya watafua baada ya kutulipa, hapo litakuwa shauri lao. Akalikunja joho.

"Nilikutii wewe, Bosi, nikakosea. Sasa namtii aliyenikataza kudanganya."

Nikamwambia akivuka mlango na joho lile asirudi. Akavuka. Nikamfuata hadi kwenye mazoezi ya kwaya, si kwa huruma. Nilitaka kuokoa kazi yangu.

Mwalimu wa kwaya, mwenye msalaba mkubwa kuliko kiganja, alisikia yote. Mama Loweka hakulitaja jina langu. Alisema amekata bila kuloweka, basi. Dawa anayo: atayaloweka majoho yote, kisha kile kitambaa cheupe cha misalaba, ambacho kilikuwa kimeshaloweshwa tangu kabla ya agizo, atakiunga chini kiwe pindo. Ila misalaba haitakuwepo.

Mwalimu akawaka. Kwaya bila msalaba, nani atajua kuwa ni Wakristo?

"Majirani zenu wanajua tayari, Mwalimu," alisema taratibu.

Waimbaji wa sauti ya kwanza walicheka, kisha mmoja mmoja wakamgeukia Mwalimu. Mwalimu akakubali, akatuongezea siku mbili.

Kwaya ikakosa misalaba, ikapata majoho yanayofunika vifundo vya miguu mpaka leo. Mimi nikakosa kazi ya kushona misalaba, ndiko faida yangu ilikokuwa, na neno langu la mlangoni nikalimeza. Cherehani ya dirishani isingejiendesha. Yeye alitia mapindo siku tatu bila ujira. Sikumpa, hakuomba. Alidai jambo moja tu: mkasi usiguse jora kabla ya maji.

Ndoo najaza mimi.