Sella Haisikii Redio, Lakini Anajua Nani Amenyamaza Kibera

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Nyuma ya duka la fundi cherehani huko Makina, Kibera, ndani ya chumba cha mabati, Sella Wepukhulu ameketi mbele ya kompyuta kuukuu na kikombe cha chai ya maziwa. Redio ya mawasiliano iliyo kando yake inakoroma na kupiga kelele za kumkera jirani wa tatu. Yeye wala hageuki.

Hasikii. Sikio la kushoto lilizima miaka tisa iliyopita, na la kulia halikukawia kulifuata.

Kwenye kompyuta inajitokeza mistari ya namba, mmoja baada ya mwingine. Sella anaifuata kwa kidole. Inapogonga saa moja kamili, mistari imefika kumi na mmoja, naye anashusha pumzi.

"Wote wako," anasema, kwa sauti ya juu kuliko anavyodhani. "Asante Mungu. Sasa naweza kunywa chai."

Mwandishi wa makala haya anaandika maswali yake kwenye daftari, Sella anayasoma na kujibu kwa mdomo, na mazungumzo yanakwenda vizuri tu. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja na kicheko cha kuambukiza. Alikuwa koplo wa mawasiliano jeshini, akavaa vipokea sauti miaka kumi na saba huku jenereta ikinguruma hatua chache kutoka alipokaa. Masikio yalipokufa, aliagwa kwa heshima na kurudi Kawangware kufua nguo za watu.

"Nililia wiki mbili," anasema. "Halafu nikachoka kulia. Sabuni nayo ilikuwa inaningoja."

Mwaka jana alisikia, au tuseme alisoma kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kwamba Okoa Jirani wanatafuta mtu wa redio. Hili ni kundi la watu wa kujitolea wanaokimbilia moto, wagonjwa na akina mama wenye uchungu wa kujifungua, mahali ambapo gari haliwezi kupenya. Walikuwa wamepewa redio za msaada za aina tatu, na aina moja haikuelewana na nyingine. Zile zilizoelewana, watu wote walizungumza kwa pamoja. Mtu akipiga kelele kwamba kuna moto karibu na kanisa, hakuna aliyejua ni kanisa lipi kati ya makanisa yote ya mtaa wa Kisumu Ndogo.

Sella aliwaambia dawa anayo, kwa kuwa aliiona jeshini katika mazoezi ya nchi kadhaa.

"Kulikuwa na ndege ya nchi moja, meli ya nchi nyingine, na sisi huku chini. Mashine tofauti, lugha tofauti," anakumbuka. "Lakini taarifa zilipangwa kwa mpango mmoja. Mahali pana nafasi yake, hatari ina nafasi yake, na mashine zinapeana zenyewe. Hakuna mtu alifungua mdomo, na kila mtu aliona kitu kimoja. Nilisisimka, nakwambia."

Mwenyekiti wa kundi, Murunga, fundi wa milango ya chuma, hakusisimka hata kidogo. Alimuuliza mbele ya kamati yote: mtu asiyesikia atashikaje redio? Mwishowe walikubaliana miezi mitatu ya majaribio, kwa shilingi mia sita kwa siku. Akishindwa, arudi kwa karai lake la kufulia.

Sella hakupoteza muda. Fundi Kagiri wa Kawangware alimuundia kijisanduku cha kuziunganisha redio za aina zote tatu na kompyuta. Redio zote zina vitufe vya namba, kwa hiyo kila ujumbe ukawa na nafasi nne: namba ya kituo, namba ya shida, namba ya mahali na idadi ya watu. Namba za mahali zilipakwa rangi kwenye kuta, mtaa kwa mtaa. Vituo vikawa kumi na kimoja.

Mpango ulikuwa safi. Watu wakaukataa.

Wa kwanza kugoma alikuwa Akoth, muuza omena wa Kisumu Ndogo anayejulikana zaidi kama Mama Adhis. Yeye ndiye mshika redio wa kituo cha nne, na hajawahi kumpita binadamu bila kumjulia hali.

"Mimi nianze tu na moto, bila hata kusalimia mtu?" anasimulia Akoth mwenyewe, mikono kiunoni. "Wataona aje? Si watasema huyu nyar Alego, huyu binti wa Alego, ameamka na hasira?"

Wengine walimuunga mkono. Wakaendelea kupiga soga kwenye redio kama zamani, "niaje" huku, "uko poa" kule, na namba zikakaa bila kutumwa. Mwezi wa kwanza wa majaribio ukayoyoma hivyo. Sella anakiri kwamba alianza kuliota karai.

"Jeshini ningetoa amri," anasema. "Hapa amri ungempa nani? Nikaona mwenye makosa ni mimi. Nimewaletea mpango wa watu wasiosalimiana."

Akaongeza nafasi ya tano, akaiweka mbele ya zote: salamu. Ukibonyeza sifuri umesalimia. Kila kituo kikapewa ruhusa ya kusalimia asubuhi hata kama hakina shida yoyote, mradi kabla ya saa moja. Akoth alifurahi mno. Tangu siku hiyo salamu yake ndiyo ilitangulia, saa kumi na mbili na nusu, hata Jumapili.

Kisha ikaja Jumanne moja ya Julai, asubuhi ya baridi kali. Saa moja ilipofika, mistari ilikuwa kumi. Kituo cha nne hakikuwepo.

Murunga alikuwa ameingia kuchukua ufunguo. Alimwandikia Sella kwenye karatasi kwamba huenda ni betri imeisha.

"Nikamwambia betri niliichaji mimi. Mama Adhis hajasalimia. Huyo si Mama Adhis."

Alimtuma Tonny, mhudumu wa huduma ya kwanza, akakimbia hadi Kisumu Ndogo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alipouvunja alimkuta Akoth sakafuni, hana fahamu, na jiko la makaa aliloliingiza ndani ili kuota moto likiwa bado linawaka kando ya kitanda. Bintiye, Adhis, alikuwa amelala kwa mwajiri wake, mtaa wa Nyayo Highrise, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwamsha.

"Daktari alisema ningechelewa nusu saa tungekuwa tunaongea mengine," anasema Tonny.

Akoth alirudi nyumbani siku ya tatu. Kabla ya kufika kwake alipitia Makina, akamkumbatia Sella mpaka miwani ikaanguka. Tangu hapo kila Ijumaa humletea omena wa kukaanga, na Sella ameacha kumkatalia.

Murunga naye hafichi. "Zamani tukipiga kelele sote pamoja, nani angejua kuna mmoja hajaongea?" anasema. "Mimi na masikio yangu mawili nilikuwa nimeshika ufunguo nataka kwenda. Huyu mama aliona nafasi tupu. Nilimwomba msamaha, na nitaendelea kumwomba."

Kamati haikungoja miezi mitatu iishe. Ilimpa Sella barua ya kazi ya kudumu na kumwomba aanzishe mpango huo Kawangware, nyumbani kwake, mwezi Januari ujao. Barua hiyo anaitembeza mkobani, na humwonyesha yeyote asiyekuwa na haraka.

"Namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Adhis kwa kiburi chake cha kusalimia," anasema huku akicheka. "Bila yeye ningekuwa kwa karai."

Huko Kawangware tayari amechagua mtu wa kukaa mbele ya kompyuta. Ni jirani yake, Celine, mshonaji wa miaka ishirini na sita ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa. Jina hilo Sella alilipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wiki iliyopita, akiwa amejiandaa kwa mabishano.

Murunga alilisoma, akakuna kichwa, akachukua kalamu na kuandika swali moja tu: "Anaanza lini?"