Jina la Kwao la Mama Mkwe

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliniibia duka nikiwa na nguo za msiba. Sisemi alitaka kuniibia. Aliniibia, macho makavu, mimi nikiwa bado Kilimanjaro nimekaa mkekani napokea pole za watu.

Duka lilikuwa Kariakoo, tukiuza sabuni za mche kwa jumla. Zamani sabuni ilikuwa ya mgao. Kiwanda kilipouzwa kwa watu binafsi wakaweka mawakala, na miaka ilivyokwenda wakaja na mambo ya kisasa: wakala anaagiza mzigo kwenye tovuti yao. Unaingia kwa jina la duka na paswedi. Anayeingia ndiye wakala, na mzigo unashushwa anapotaka yeye. Mume wangu ndiye aliyetuandikisha, mimi nilikuwa nahudumia wateja. Paswedi alinipa. Asichoniambia ni kwamba walimchagulisha maswali ya siri, eti ya kumsaidia mtu akisahau paswedi: mama yako mzazi anaitwa nani, ulizaliwa kijiji gani, shule ya msingi ulisoma wapi.

Sasa niambie, nani anayajua hayo kumshinda ndugu mliyenyonya ziwa moja?

Nikarudi Dar, duka jeupe, wateja wananipigia simu. Nikaingia intaneti kafe Mtaa wa Kongo niagize mzigo. Paswedi ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nikaenda ofisi za kiwanda, karibu na bandari, njia nzima nimefura. Bwana wa kompyuta wa pale alikuwa Mhindi wa Kisutu, Kiswahili chake kinateleza kuliko changu. Akaangalia, akaniambia paswedi ilibadilishwa wiki ya mazishi na aliyebadilisha alijibu maswali yote matatu. Mzigo wa mwisho ulishushwa Magomeni. Magomeni ndiko anakoishi shemeji.

Nikamwambia huyo ni mwizi. Akasema, kwa upole ulionitia hasira zaidi, kwamba mfumo haujui habari za ndoa, mwenye majibu ndiye mwenyewe. Nilitamani nimmwagie chai yake. Lakini kabla sijatoka akaniambia kitu cha maana: maswali ni yaleyale, hayajaguswa. Ukiyajibu, unaingia.

Nikarudi kafe kujaribu. Kijiji nakijua, nimekilima. Shule naijua. Jina la mama mkwe nikaandika lile la ubatizo, linalosomwa kanisani. Likakataliwa. Hapo nikaelewa kwamba mume wangu aliandika jina la kwao mama, alilopewa na wazee wake, ambalo lilijulikana na watoto wake wa kuwazaa tu. Kwetu mkwe haitwi jina. Mimi nilimwita mama tangu siku niliyoolewa, na hilo lingine sikuwahi kuliuliza kwa sababu mke wa mtu haulizi.

Nikawapigia mawifi. Mmoja akanikatia simu. Mwingine akasema kaka yao ameshawaonya, nisimtafutie ugomvi. Kumbe! Watoto wangu wafe njaa ili wao wasigombane. Uwakala ule ukiondoka sikuwa na kingine cha kuwalisha wala kuwasomesha, na wote walilijua hilo.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa Dar, amefikia kwa huyo huyo shemeji. Nikaenda mchana, nikawakuta mezani. Shemeji akanikaribisha chakula. Jitu limekula duka langu, linanikaribisha ugali! Nikampa mama shikamoo, akaitikia marahaba. Sikukaa.

"Mama," nikamwambia, "nimekuja kukuuliza jina lako. Lile la kwenu."

Shemeji akacheka, akasema msiba umenichanganya akili. Mama akauliza nalitakia nini. Sikuzunguka. Nikamwambia mwanao amelitumia kuchukua duka la wajukuu wako, nami nalitaka nilirudishe, na kama unaona alichofanya ni haki, basi lifiche. Na sitasema uongo, siku ile hata yeye nilimchukia, maana ugali ule ulikuwa wa sabuni zangu.

Kicheko cha shemeji kikamkauka. Akaanza kusema uwakala ni mali ya ukoo, kesho mimi nitaolewa kwingine nihame nao. Mama mkwe akamnyamazisha kwa mkono. Akanitazama mimi, siyo yeye, akalitaja jina lake, polepole, mpaka akahakikisha nimelishika. Kisha akasema:

"Wajukuu wangu waje kijijini kila Desemba. Wewe usipande."

Nikamwambia ahsante mama, nikatoka.

Nikarudi kafe ileile. Jina likakubali. Nikabadilisha paswedi palepale, kisha nikafungua sehemu ya mipangilio niyafute yale maswali. Hayafutiki, mpaka uchague mengine, na majibu yanatakiwa yawe ya aliyeandikishwa, yaani marehemu. Nikasoma orodha nzima: jina lako la utani utotoni, rafiki yako wa kwanza, babu mzaa mama, mwalimu wa darasa la kwanza. Hakuna hata swali moja ambalo mke anaweza kumshinda ndugu wa mume. Aliyeyatunga sijui hana mke, au anaye na hamjui. Nikampigia yule bwana wa Kisutu, nikamfokea yeye kwa kuwa ndiye niliyekuwa na namba yake. Akaniacha nimalize, akanielekeza pa kubonyeza, ili mtu akitaka kubadilisha paswedi, tarakimu za kuthibitisha ziingie kwanza kwenye simu. Nikaweka simu yangu.

Shemeji alijaribu. Simu ikawa inalia nikiwa kaunta, tarakimu zinaingia, naziangalia, nacheka kwa sauti mpaka wateja wanageuka. Ajaribu mpaka vidole vimuume, mshenzi yule.

Desemba Wachaga wanapanda kwao, na mtaa wetu wa Kariakoo unabaki milango imefungwa. Nawapeleka watoto stendi na nguo zao mpya na zawadi za bibi, narudi, nafungua duka peke yangu. Wakirudi Januari nawauliza kama bibi aliniulizia. Wanasema hapana.