Jakuzi Juu ya Kitalu cha Jirani

Mdogo wangu alipoleta jakuzi hakuniuliza. Nilisikia lori likikoroma kwenye kona ya chini, nikatoka jikoni na unga mikononi, nikakuta vijana wanashusha pipa la mbao pana kama kitanda, la wageni kukalia ndani ya maji moto, wakiyakanyaga maua yangu.

Nyumba yetu iko mlimani, juu ya mji wa Lushoto. Wazazi walipofariki tulikubaliana kuifanya nyumba ya wageni, kulala na chai ya asubuhi. Yeye anaishi Dar es Salaam na kazi yake ni kutafuta wageni kwa simu. Mimi niko hapa, natandika, napika, nafua mashuka ambayo kwa baridi hii hayakauki.

"Dada, mgeni wa siku hizi anataka jakuzi," aliniambia. "Akikosa hapa anakwenda kwa wenzetu."

"Na nani atalitunza?"

"Kuna kutunza gani? Unajaza maji, unawasha kuni, basi."

Basi! Ningependa siku moja aje aione hiyo basi yake. Kuni za mkaratusi lazima ziingie kwenye jiko la chuma ubavuni mwa pipa tangu asubuhi ili maji yawe moto jioni. Majani yaopolewe. Utelezi usuguliwe, maana mbao zikianza kuteleza mgeni atavunjika kiuno. Dawa ya klorini ipimwe kwa kijiko: ikipungua maji yanaoza, ikizidi yanachoma macho. Na kila mgeni umwombe kwa upole aoge kwanza, naye akuitikie "sawa sawa", kisha aingie na mafuta ya nazi mwili mzima na sahani ya kuku mkononi. Nimewahi kuokota mifupa ya kuku mle ndani.

Sikatai, lilikuwa na wema wake. Mama mmoja mgeni alirudi kutoka msitu wa Magamba hawezi kukunja magoti. Nikamsaidia kuingia, akafumba macho, machozi yakamtoka, akanishika mkono. Jioni ile nilimsamehe mdogo wangu.

Ila maji si yetu peke yetu. Yanatoka kwenye chemchemi juu, yanashuka kwa mpira, na tunayagawana na majirani. Kwa hiyo nilikaa nao, tukapatana: kiangazi sitajaza jakuzi upya, nitayatunza yale yale kwa dawa na mfuniko. Na nikiyamwaga, nitayaacha kwanza yapoe na dawa iishe nguvu, kisha nitayapeleka upande wa mikaratusi. Kwenye mteremko wa chini kuna shamba la jirani yetu, mama mtu mzima anayeishi kwa kabichi, karoti na maziwa ya ng'ombe wake. Mdogo wangu nilimweleza haya yote. Alisema amesikia.

Kiangazi kilichopita akaja na rafiki zake wa mjini. Mimi nilikuwa nimeteremka Soni kununua nyanya na viazi vya kuwapikia. Niliporudi nikamwona jirani amesimama kwenye kitalu chake, ameshika kiuno. Miche ya kabichi, ambayo siku chache baadaye angeihamishia shambani, ilikuwa imelala chini kama mchicha uliochemshwa. Ardhi ilikuwa inatoa harufu ya dawa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Mwanangu, mmemwaga nini hapa?"

Alisema mmemwaga. Nilitua kapu njiani nikapanda mlima.

Mdogo wangu alikuwa na kaptura, muziki unalia, anachochea kuni. Mpira wa chemchemi ulikuwa wazi, maji yanaingia kwenye pipa kwa kishindo, na chini huko ndoo za watu zilikuwa zinasubiri kwenye bomba kavu. Nikaufunga.

"Umefanya nini?"

"Maji yalikuwa na ukijani, dada. Nikatia dawa, ikazidi kidogo, yakawa yanawasha. Nimeyatoa tu, naweka mapya."

"Yakiwa moto? Na dawa yote hiyo?"

"Ni maji tu! Yule bibi atapewa kitu kidogo, yataisha."

Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Nilichukua koleo, nikavichomoa vijinga vya moto kutoka kwenye jiko la pipa kimoja kimoja, nikavitupa kwenye nyasi mbichi na kuvikanyaga kwa viatu vyangu vya sokoni. Rafiki zake walizima muziki.

"Utashuka wewe mwenyewe," nilimwambia. "Utamwamkia, na utamwambia kwa mdomo wako ulichofanya. Mama yetu alipolazwa ukiwa mtoto, mgongo uliokubeba ni wa yule jirani."

"Dada, unanidhalilisha mbele ya wageni. Hii nyumba ni yangu pia."

"Ndiyo. Na maji uliyomwaga ni yako pia. Shuka."

Msichana mmoja kati ya rafiki zake alivaa viatu akasema, "Twende tu tukaombe radhi." Ndipo mdogo wangu akashuka, msichana yule na mimi nyuma yake.

Alipofika kitaluni alinyoosha noti. "Pole bibi kwa usumbufu."

Jirani hakuziangalia. "Mimi sijaamkiwa bado."

"Shikamoo," alisema, akitazama pembeni.

"Marahaba. Haya, sema."

Mdogo wangu akakohoa, akafuta jasho, akasema, "Unajua, bibi, mwenye kushughulika na jakuzi ni dada."

Jirani akasema, "Dada yako namjua," akainama kung'oa miche iliyokufa. Yule msichana wa mjini alipiga magoti akamsaidia. Mdogo wangu alirudisha noti mfukoni akapanda zake. Jioni haijafika walishaondoka, na chakula changu hawakukigusa.

Maji yaliyokuwa yameingia kwenye pipa niliwaita majirani wayachote, na walikuja bila maneno mengi. Kesho yake nilichukua jembe nikageuza udongo wa kitalu pamoja na mwenyewe, tukatia samadi, nikamhamishia nusu ya miche ya kabichi ya bustani yangu. Haikutosha. Kabichi zake zilichelewa, zikafika sokoni wakati kila mtu ana kabichi.

Sasa kiangazi jakuzi halijazwi, na mgeni akiuliza namwambia sababu. Wengi wanaelewa, wengine wananuna. Mdogo wangu hupiga simu kuhusu wageni tu: wangapi, lini, wanakula nini. Juzi alisema watu wanalalamika kwamba picha za tangazo letu zina jakuzi na wao hawakulikuta.

"Basi ziondoe hizo picha," nilimwambia.

"Dada, bado una hasira?"

"Ninayo. Kamwombe radhi yule mama."

Akasema mtandao unakatika. Jirani ananisalimia vizuri tu, na maziwa ya chai ya wageni bado nanunua kwake. Lakini zamani alikuwa akiyaleta mwenyewe, anaketi jikoni tunazungumza Kishambaa mpaka chai ipoe. Siku hizi nayafuata kwake, nayapokea nikiwa nimesimama mlangoni.