Kadi Aliyoiandika Albina

Clemens alipokwenda kukata mkonge Tanga, alimwahidi mkewe Albina kwamba ataandika. Akaandika kweli. Kila baada ya miezi miwili mitatu ilifika kadi ya posta yenye picha ya bandari au ya twiga, na nyuma yake maneno yamebanwa hadi ukingoni. Kadi haina bahasha, kila mtu njiani huisoma, kwa hiyo mambo ya ndani hakuyagusa. Aliandika tu kwamba amekula ugali wa ulezi kwa Mfipa mwenzake na haukufikia ule wa Albina. Albina akaelewa yaliyobaki.

Juni 1974 mgambo walikuja na lori kuwahamishia watu wote kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara ya Laela, kulekule Ufipa. Nyumba ikatiwa moto. Mama mkwe wake, Cornelia, alikuwa na kifua kibovu. Walishushwa penye nyasi tupu na upepo mkali. Siku ya tano mama akafa.

Bahasha hazikupatikana dukani. Albina alikuwa na kadi moja tupu aliyoachiwa na Clemens, akaandika: "Mama hatunaye. Walichoma nyumba akiwa bado anatoa vyungu vyake. Waliotuleta hawakuja hata kuzika." Chini kabisa akaongeza neno ambalo hajapata kumwandikia, kwamba usiku hunyoosha mkono kumtafuta kitandani.

Akampa katibu wa kijiji, Eustaki, aliyekuwa akipeleka barua mjini.

Jumamosi palikuwa na mkutano. Eustaki alisimama na kadi mkononi.

"Ndugu Albina, haya maneno ni yako?"

"Ni yangu na mume wangu."

Akayasoma yote kwa sauti, hata la mwisho. Baadhi ya wanaume walicheka. Wanawake waliinama. Albina alikaa palepale, maana angeondoka angepita katikati yao.

Desemba Clemens alirudi na sweta jipya, akauliza mama yuko wapi. Albina akamweleza.

"Mbona hukuniandikia?"

"Niliandika."

Clemens akaenda kwa Eustaki kuidai kadi, akaambiwa imepelekwa wilayani.

Alirudi Tanga, akaanza kutuma barua ndefu ndani ya bahasha. Albina alizisoma zote, lakini kila aliposhika kalamu alisikia sauti ya Eustaki. Salamu alizipeleka kwa mdomo, kwa wasafiri. Mwaka wa sabini na nane barua zikakoma, na baadaye wakata mkonge waliorudi walisema Clemens ana mke Korogwe.