Popo Chini ya Maharagi

Nyumba yetu ya Murara ilikuwa na mkubwa mmoja, na si baba. Ilikuwa ni bakuli ya porselene ya Uchina, kubwa kama beseni, iliyokaa ndani ya kabati ya vioo ikiwa imejaa matunda ya plastiki. Nje ilichorwa mapichi, kwa rangi nzito iliyochomewa juu, ukipitisha kidole unaisikia. Mimi nilipitisha, nikachapwa. Mchuuzi wa Butembo aliyemuuzia alimwambia mama kwamba kwa Wachina pichi ni maisha marefu.

Vita ilipotufikia, baba alibeba godoro, mimi sufuria. Mama alimwaga matunda yake ya plastiki, akaifunga bakuli mgongoni kwa kitenge.

Kwenye njia ya Sake mwanamke mmoja akamuuliza, "Mama, mbona huyu mutoto halii?"

"Amelelewa muzuri," mama akajibu bila haya.

Tulilala kanisani, mbele ya ziwa la Lac Vert. Na nani tulimkuta humo? Familia ya mchumba wangu, nao wamekimbia. Posa yetu ilikuwa iwe juma lile. Baba alitaka kuiahirisha. Mama akasema vita haikualikwa, posa iko palepale. Nilimpenda mama siku ile! Yule mwanaume nilimtaka mpaka tumbo liniume.

Kwa ukoo wao, shangazi wa muoaji hula chakula cha kwetu mpaka chini. Akiweka kijiko chini kabla ya kumaliza, posa imekufa. Basi mama akapakua maharagi ndani ya bakuli, na shangazi, mnene na mwenye njaa ya safari, akaanza kazi.

Maharagi yakashuka. Likatokea bawa jekundu. Kisha sikio. Mungu wangu, ndani pamechorwa popo! Popo watano wanazunguka, na miaka yote tulikuwa tumewafunika kwa ndizi za plastiki.

Shangazi akaacha kutafuna. "Mama, hii ni vitu ya balozi, ya wachawi."

"Kwa Wachina ni baraka," mama akasema. Kumbe alijua tangu siku ya kuinunua!

"Mimi si Muchina."

Kijiko kikaanza kushuka. Nikaona harusi yangu ikishuka nacho.

"Shangazi," mama akasema, "mabombe yameanguka huku na huku, na hii bakuli nimeibeba mugongoni. Haikupasuka, na mimi sikupasuka. Kama ni bulozi, unionyeshe duka kwenye banauza, ninunue ingine."

Shangazi akawatazama popo. Popo wakamtazama.

"Basi uwafunike," akasema. "Siwezi kula wananiangalia."

Lakini sufuria ilikuwa tupu. Mama akachukua sahani yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameigusa, akaimimina yote juu ya popo. Shangazi akafumba macho, akala mpaka chini.

Mama alilala njaa, akisema ameshiba. Mwongo yule, namlilia mpaka leo. Bakuli iko katika saloni yangu, pale wageni wanapokaa, na matunda ya plastiki siweki.