Miezi Ishirini na Sita ya Kupima Jua

Hebu sema: ukitoka jikoni ukasimama uani, joto huzidi au hupungua? Hupungua. Lakini kwenye jua lenyewe, ukitoka nje huzidi. Uso wake una nyuzi joto kama elfu sita, lakini korona, utando wake wa nje, hupita milioni. Wapo wanasayansi wanaodhani korona hupashwa na milipuko midogo isiyohesabika, inayoufanya mwanga wa jua uyumbeyumbe. Assani, mwalimu wa fizikia pale Gungu, aliapa kuihesabu.

Hakungoja darubini ya wakubwa. Alifunga kipima mwanga juu ya bati la nyumba ya mama yake, Ujiji, na kwa miezi ishirini na sita kikaandika mwanga wa jua kila sekunde. Kuyumba kulizidi, kukatulia, kukazidi tena, kila siku ishirini na saba hivi, muda ambao jua hujizungusha. Chuo kikuu kikamwahidi nafasi ya uzamili. Kilichobaki ni kupeleka hesabu kamili Ijumaa.

Jumatano hesabu ikakataa. Si siku ishirini na saba. Ni ishirini na tisa na nusu.

"Kila mwezi, mama, jua linatulia siku tano, sita. Sijui kwa nini."

Mama yake, Bi Dunia, alikuwa akigeuza migebuka, samaki wa ziwani, juu ya tanuri la moshi. "Siku zipi hizo?"

Akamsomea tarehe. Mama akacheka hadi akakohoa.

"We mwalimu wa wapi? Si za mbalamwezi hizo! Wavuvi hawaendi ziwani, taa zao hazivuti samaki. Mimi nitabanika nini, mawe?"

Assani akautazama moshi. Ulipanda taratibu, ukapita juu ya bati, mbele ya kipima mwanga chake. Mama akaacha kucheka.

"Kwani moshi wangu umekufanya nini, baba?"

Akamweleza: kilichoyumba si jua, ni moshi wa tanuri. Jioni ile akakiandikia chuo: hana matokeo, nafasi apewe mwingine. Angenyamaza, nani angejua? Lakini jua halisingiziwi.

Kesho yake asubuhi aliamshwa na mlio wa maji yakimwagika juu ya makaa. Akatoka mbio. Mama yake alikuwa amesimama na ndoo tupu mkononi. Migebuka wake wote, hawajaiva, wamelowa maji na majivu.

"Nimezima," alisema. "Panda ukapime, mwanangu."

Nyuma yake, mwaloni kote, ufukweni samaki wanakoshushwa, matanuri ya wabanikaji wenzake yalikuwa yakifuka moshi.